Tairi la Gari au Tairi la Pikipiki kwenye Gurudumu la Nyuma: Ulinganisho kwa Anayetaka Kuchagua

Mwenye pikipiki kubwa ya safari ndefu hufika mahali akachoka kununua tairi la nyuma. Pikipiki ya aina hiyo, ikiwa na mafuta, abiria na mizigo, hukaribia nusu tani au kuipita, na uzito huo pamoja na nguvu ya injini hula kashata (vitalu vya mpira vya uso wa tairi) za katikati haraka kiasi kwamba tairi ambalo mabega yake bado ni mazima hulazimika kutupwa kwa sababu ya ukanda mwembamba wa kipara uliojitokeza katikati. Hapo ndipo swali huibuka: kwa nini gari dogo, ambalo kila tairi lake hubeba uzito unaokaribiana na ule wa tairi hilo la nyuma, hutembea umbali mara mbili au tatu zaidi kabla ya kubadilishiwa matairi? Kutokana na swali hilo limezuka kundi la waendeshaji, wengi wao wakiwa Marekani, ambao hufunga tairi la gari kwenye gurudumu la nyuma la pikipiki na kubakiza tairi la pikipiki mbele. Watengenezaji wa matairi wanalipinga jambo hilo waziwazi, na wanaolifanya wanalitetea kwa maelfu ya kilomita waliyosafiri bila tukio lolote.

Ninaegemea upande mmoja, na ni vyema msomaji alijue hilo tangu mwanzo. Kwa pikipiki ya magurudumu mawili ningechagua tairi la pikipiki. Hata hivyo, baadhi ya hoja za wanaotumia tairi la gari ni za kweli na hazistahili kubezwa, huku baadhi ya hoja za wapinzani wao zikiwa dhaifu kuliko zinavyosikika.

Pikipiki zinazohusika

Mjadala huu hauhusu pikipiki zote. Pikipiki nyepesi yenye rimu nyembamba ya inchi 17 au 18 haina tairi la gari linaloweza kuingia, na hata kama lingeingia, mkono unaoshikilia gurudumu la nyuma usingeliachia nafasi. Wanaobishana kwa dhati ni wenye pikipiki nzito ambazo rimu yake ya nyuma ni pana na ina kipenyo kinachotumika pia kwenye magari, hasa inchi 15 na 16. Mfano unaotajwa kuliko mingine yote ni Honda Gold Wing GL1800 ya kizazi kilichoanza mwaka 2001, ambayo uzito wake, ikiwa tayari kwa safari na bila mtu juu yake, unazidi kilo 400. Triumph Rocket III nayo hutajwa, pamoja na pikipiki kadhaa za Harley-Davidson, Yamaha na Kawasaki zenye injini kubwa na kiti cha chini.

Kwenye GL1800 tairi la kiwandani lina ukubwa wa 180/60R16 (upana wa milimita 180, kimo cha ubavu asilimia 60 ya upana huo, na rimu ya inchi 16), na tairi la gari linalopendwa kuwekwa badala yake ni 195/55R16. Ukikokotoa vipenyo vyake unaona mara moja sababu ya upendeleo huo: la kwanza lina takriban milimita 622 na la pili milimita 621. Kwa tofauti ndogo namna hiyo, kipima mwendo hakidanganyi zaidi ya kawaida yake, na mfumo wa ABS unaozuia magurudumu kujifunga wakati wa breki, ambao hulinganisha kasi ya gurudumu la mbele na la nyuma, hauoni jambo geni. Anayechagua 205/60R16, lenye kipenyo cha takriban milimita 652, ameinua sehemu ya nyuma ya pikipiki kwa milimita 15, ameyumbisha hesabu ya mifumo inayotegemea kasi ya magurudumu, na amepunguza nafasi iliyobaki kati ya tairi na vyuma vinavyolizunguka. Kwa hiyo hata ndani ya kundi la matairi ya gari, uchaguzi si mmoja.

Kuhusu gurudumu la mbele sina la kulinganisha. Gurudumu hilo ndilo linaloongoza pikipiki na ndilo linalobeba sehemu kubwa ya kazi ya breki, na tairi bapa pale mbele huufanya usukani kuwa mzito na usiotabirika. Watetezi wengi wa tairi la gari nao hawalipeleki mbele.

Umbo la tairi na jinsi pikipiki inavyokata kona

Gari hukata kona likiwa limesimama karibu wima, ilhali pikipiki hukata kona ikiwa imelala. Tofauti nyingine zote kati ya matairi haya mawili zinaanzia hapo. Tena pembe ya kulala si suala la ujasiri wa mwendeshaji. Huamuliwa na mwendo pamoja na ukali wa kona. Kwenye kona ambayo nusu kipenyo chake ni mita 50, anayepita kwa kilomita 40 kwa saa atalala kwa takriban nyuzi 14, na anayepita kwa kilomita 60 kwa saa atalala kwa takriban nyuzi 30. Mwendo umeongezeka kwa nusu tu, lakini pembe imeongezeka zaidi ya maradufu, kwa sababu nguvu inayomsukuma mtu nje ya kona hukua kwa mraba wa mwendo.

Tairi la pikipiki, ukilikata kwa upana na kulitazama, uso wake ni tao. Pikipiki inapolala, sehemu inayogusa barabara huhama polepole kutoka katikati ya tao hilo kuelekea begani, bila kuruka na bila kubadilika sana kwa ukubwa. Isitoshe, tairi hilo lenye uso wa duara, likilala, huviringika kama koni iliyowekwa mezani na kusukumwa, ambayo haiendi moja kwa moja bali huzunguka upande wa ncha yake. Nguvu hiyo ya kuvuta kuelekea ndani ya kona huzaliwa na mlalo wenyewe, bila tairi kulazimika kuteleza au kupindwa sana. Ndiyo maana pikipiki iliyovaa tairi lake sahihi, ikishalazwa kwenye kona, huendelea kuzunguka huku mwendeshaji akigusa usukani kidogo tu.

Tairi la gari lina uso bapa na mabega yenye kona kali. Uso huo ulibuniwa ulale wote barabarani na uzalishe nguvu ya kukata kona kwa kupindwa kidogo kutoka upande ambao gari linaelekea. Likifungwa kwenye pikipiki na kulazwa, hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja: ubavu wa upande wa chini hubonyea ili kuuacha uso uendelee kugusa barabara, na upande wa juu huanza kunyanyuka. Kwa pembe ndogo, kubonyea kwa ubavu kunatosha. Kadiri pembe inavyoongezeka, ndivyo uzito unavyohamia kwenye safu za nje za kashata na hatimaye kwenye bega, sehemu ambayo mbunifu wa tairi la gari hakuitarajia ibebe uzito wote wa gurudumu.

Hapa lazima niwatendee haki wanaolitetea. Wengi wanaolipinga husema kwamba tairi la gari likilala husimama kwenye ukingo wake mwembamba kama sarafu. Hilo si kweli. Kamera zilizofungwa na waendeshaji karibu na gurudumu la nyuma zimeonyesha kwamba ubavu hubonyea vya kutosha kuacha sehemu kubwa ya uso barabarani hata katika pembe ambazo mtu wa kawaida huzitumia safarini, hasa ikiwa presha ya upepo imepunguzwa kidogo. Rimu ya pikipiki nayo, kwa kuwa ni nyembamba kuliko ile ambayo tairi hilo lilikusudiwa, huubana mwili wa tairi na kuufanya uso wake uwe na mviringo kidogo. Mshiko upo, na watu hukata kona nao kila siku.

Kinachonisumbua ni jinsi mshiko huo unavyobadilika njiani. Kwenye tairi la duara, mwendeshaji hupata taarifa ileile kutoka wima hadi pembe kubwa. Kwenye tairi bapa hupata hatua: kwanza pikipiki inakataa kulala, kisha inakubali ubavu unapobonyea, kisha bega linapoanza kubeba uzito tabia inabadilika tena. Kati ya hatua hizo tairi linavuta kurudi wima, kwa kuwa sehemu inayobeba uzito imehamia upande ambao pikipiki imelalia, na mwendeshaji hulazimika kuendelea kusukuma usukani muda wote wa kona. Watumiaji wazoefu husema mikono huzoea baada ya muda, na sina sababu ya kuwapinga. Ila mazoea hayo yamejengwa kwa kona zinazotarajiwa. Gari likitokea ghafla katikati ya kona na mtu akahitaji kuongeza mlalo kwa nyuzi kumi papo hapo, tairi linalopinga kulala na lenye hatua zisizolingana si mwenza mzuri.

Barabara isiyo sawa huongeza jambo la pili. Chukua gurudumu la nyuma linalobeba kilo 300 na kukanyaga ukingo wa lami iliyotiwa kiraka au mfereji uliochimbwa na malori. Tairi la duara hugusa kwa katikati yake au karibu nayo. Tairi bapa linaweza kugusa kwa ukingo mmoja tu, labda sentimita 6 kutoka katikati, na kilo 300 zikibebwa kwa umbali huo huzalisha nguvu ya kupindua ya takriban nyutoni-mita 175 inayokuja ghafla na kuondoka ghafla. Mwendeshaji huihisi kana kwamba kuna mtu aliyeishika pikipiki kiunoni na kuitikisa. Pia kwenye barabara yenye mteremko wa pembeni, pikipiki huvutwa upande mmoja kwa muda mrefu, jambo linalochosha mabega katika safari za siku nzima, na inashangaza kidogo kwamba tairi linalosifiwa kwa safari ndefu ndilo linalodai kazi hiyo ya ziada.

Hoja ya eneo la mguso

Watetezi husema kwamba tairi la gari, kwa kuwa ni bapa na pana, hugusa barabara kwa eneo kubwa zaidi, kwa hiyo lina mshiko zaidi na husimama kwa umbali mfupi zaidi. Hoja hii inavutia kwa macho, lakini haina msingi imara. Tairi lililojazwa upepo hugusa barabara kwa eneo ambalo, kwa makadirio, ni uzito uliogawanywa kwa presha ya ndani. Kilo 300 kwa presha ya bar 2.5, yaani psi 36, hutoa takriban sentimita 118 za mraba, liwe tairi la gari au la pikipiki. Ugumu wa ubavu huibadilisha hesabu hii kidogo. Kinachobadilika zaidi ni umbo: tairi la pikipiki huacha alama nyembamba na ndefu, na la gari huacha alama pana na fupi. Anayepata eneo kubwa zaidi kwa kutumia tairi la gari mara nyingi amelipata kwa kupunguza upepo.

Kuhusu breki, hebu tukumbuke uzito huenda wapi mtu anapofunga breki kwa nguvu. Pikipiki ndefu ya safari yenye umbali wa takriban mita 1.7 kati ya ekseli zake, na kitovu cha uzito kilicho karibu sentimita 60 kutoka ardhini, ikipunguza mwendo kwa asilimia 80 ya nguvu ya mvutano wa dunia, huhamishia mbele takriban asilimia 28 ya uzito wake wote. Gurudumu la nyuma lililokuwa na nusu ya uzito hubaki na karibu robo. Kwa hiyo, hata tairi la nyuma likiwa bora kiasi gani, mchango wake katika kusimama kwa dharura ni mdogo ukilinganisha na wa mbele. Faida ipo hasa kwa anayeikanyaga breki ya nyuma peke yake, na kwake ningependekeza mafunzo ya breki kabla ya tairi jipya.

Rimu na ukingo wa tairi

Hoja ambayo watengenezaji wa matairi huipa uzito mkubwa haihusu uso wa tairi, bali ukingo wake wa ndani, ule wenye kamba ya waya unaokaa kwenye rimu. Rimu ya pikipiki na rimu ya gari zenye namba ileile ya inchi hazifanani katika mambo yote: kingo zake zina urefu na umbo tofauti, na sehemu ambapo tairi hukalia ina mkato tofauti. Ukingo wa tairi la pikipiki nao umetengenezwa ukae kwenye rimu ya pikipiki na ubaki hapo hata gurudumu linaposukumwa kwa pembeni likiwa limelala. Ndiyo sababu matairi ya pikipiki ya ukubwa unaoweza kuchanganywa na wa gari huandikwa herufi M/C, kifupi cha neno la Kiingereza la pikipiki, baada ya kipenyo cha rimu.

Tatizo hujionyesha kwanza siku ya kufunga. Matairi mengi ya gari yana onyo ubavuni kwamba yasijazwe zaidi ya psi 40, yaani kilopaskali 275, wakati wa kuyakalisha kwenye rimu. Ukingo ukigoma kukaa kwa presha hiyo, fundi asiye na subira huongeza upepo hadi usikike mlio. Wakati mwingine mlio huo ni wa ukingo kukaa, na wakati mwingine ni wa waya kukatika ndani, na kwa nje huwezi kuona tofauti. Tairi lililokatika waya linaweza kuachia rimu baadaye, likiwa limebeba watu wawili. Kuna mafundi wanaokataa kabisa kazi hii, na kukataa kwao si ubishi: wanajua kwamba lawama ya ukingo ulioachia itaangukia meza yao.

Waliotumia tairi la gari kwa miaka watajibu kwamba tairi lililokaa vizuri halijaachia. Kwa upande wangu hiyo ni hoja ya haki kuhusu matairi yao, lakini haimwambii mnunuzi mpya kama lake limekaa vizuri. Kwenye tairi la pikipiki swali hilo limeshajibiwa na aliyelitengeneza.

Uwezo wa kubeba, joto na presha

Ubavuni mwa tairi la 180/60R16 la GL1800 kwa kawaida utakuta namba 74, inayomaanisha kilo 375. Kwenye 195/55R16 la gari utakuta 87, yaani kilo 545. Tofauti ya kilo 170 si ndogo, na kwa mtu anayesafiri na mwenza, masanduku yaliyojaa na tela dogo nyuma, ni hoja nzuri kuliko zote zilizo upande wa tairi la gari. Tairi linalofanya kazi mbali na kikomo chake hupata joto kidogo na huchakaa taratibu.

Hata hivyo namba hiyo ina masharti. Uwezo wa kilo 545 hupimwa kwa presha kamili iliyowekwa na kiwango, na kwa gurudumu linalokaa karibu wima. Anayepunguza upepo ili ubavu ubonyee vizuri kwenye kona amepunguza pia uwezo wa kubeba, na ameuongezea ubavu kazi ya kukunjwa upande mmoja kwa kila kona, jambo linalozalisha joto mahali ambapo gari halilizalishi. Kwa hiyo hawezi kudai kwa pamoja faida ya presha ndogo na faida ya uwezo mkubwa. Lazima achague moja. Kwa upande wa pili, tairi lile likiwekwa kwenye pikipiki nyepesi kuliko hizi, mpira wake mgumu hauwezi kupata joto la kutosha kushika vizuri asubuhi ya baridi, na mwendeshaji hubaki na tairi linalodumu sana kwa sababu halifanyi kazi yake.

Barabara yenye maji

Katika jambo hili kila upande una sehemu yake ya ukweli. Alama nyembamba na ndefu ya tairi la pikipiki hupasua maji kwa urahisi, na ni vigumu tairi hilo kuelea juu ya maji katika mwendo wa kawaida. Alama pana na fupi ya tairi la gari inapaswa kuondoa maji mengi zaidi kwa muda mfupi zaidi, na kwa hiyo hutegemea sana mifereji yake. Mifereji hiyo, tairi likiwa jipya, ina kina cha karibu milimita 8 na huzunguka tairi lote, hivyo hufanya kazi nzuri kwenye lami iliyolowa tu. Hatari huongezeka pale kashata zinapokaribia kuisha na dimbwi lina kina kirefu. Anayenunua tairi la gari kwa sababu hudumu muda mrefu anapaswa kukumbuka kwamba atakaa pia muda mrefu na tairi lililochakaa nusu.

Pancha, bei na maisha ya tairi

Hapa tairi la gari linashinda, na hakuna haja ya kuzunguka. Hudumu zaidi, hugharimu kidogo, na hupatikana karibu kila duka la matairi. Matairi ya gari yanayoweza kutembea bila upepo, yenye ubavu mgumu, kwa kawaida huhesabiwa kumfikisha dereva umbali wa kilomita 80 kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa baada ya pancha. Hesabu hiyo ilifanywa kwa gari na haihamishiki moja kwa moja kwenye gurudumu linalolala, lakini ubavu huo mgumu humpa mwenye pikipiki nzito muda wa kuiweka kando bila nyuma kuyumba, na aliyewahi kupoteza upepo wa nyuma ghafla akiwa na abiria hawezi kulidharau hilo. Bahati mbaya ni kwamba ubavu huohuo mgumu ndio usiobonyea vizuri kwenye kona.

Viwango, bima na dhima

Tairi la gari na tairi la pikipiki hupimwa kwa viwango tofauti. Katika mfumo wa Umoja wa Mataifa, matairi ya magari ya abiria yako chini ya Kanuni namba 30 na ya pikipiki chini ya Kanuni namba 75. Marekani hutumia kiwango FMVSS 139 kwa magari mepesi na FMVSS 119 kwa pikipiki. Tairi la gari kwenye pikipiki si tairi lililofeli mtihani wa pikipiki, kwa kuwa halikuwahi kufanya mtihani huo. Katika nchi ambazo ukubwa na aina ya tairi vimeandikwa kwenye hati za chombo, ukaguzi wa kawaida unaweza kukikataa chombo hicho, na mahali ambapo sheria haisemi lolote bado kuna kampuni ya bima itakayosoma ripoti ya ajali. Anayeamua kulifunga aulize bima yake kabla, apewe jibu kwa maandishi, na asitegemee neno la wakala wa simu.

Pikipiki isiyolala

Ukiondoa kulala, hoja nyingi zilizo hapo juu zinageuka. Pikipiki ya magurudumu matatu, yenye mawili nyuma, hukata kona ikiwa wima kama gari, na tairi la duara juu yake huchakaa vibaya na kuyumba. Harley-Davidson ilipotoa Tri Glide kama modeli ya mwaka 2009 iliifunga nyuma matairi ya ukubwa wa gari, P205/65R15, na Can-Am Spyder, ambayo magurudumu yake mawili yako mbele, imetembea kwa matairi bapa mbele na nyuma tangu mwanzo. Vivyo hivyo pikipiki yenye kigari cha pembeni, ambayo wamiliki wake wengi huhamia kwenye rimu na matairi ya gari kwa sababu nzuri kabisa. Kwa vyombo hivi singesita hata kidogo, mradi rimu nayo iwe ya gari au imetengenezwa kwa ajili ya tairi hilo.

Nani achague lipi

Kwa mtu anayepita barabara za milimani, anayebeba abiria, au ambaye hajafikisha misimu kadhaa juu ya pikipiki nzito, jibu langu ni tairi la pikipiki bila nyongeza. Kwa anayetembea karibu wakati wote kwenye barabara kuu zilizonyooka, mwenye uzoefu mrefu, anayevuta tela na kuhesabu kilomita kwa makumi ya maelfu kila mwaka, naelewa kwa nini tairi la gari linamvutia, na nisingemwita mjinga. Ningemwomba tu alipime pengo la gharama dhidi ya njia ambayo wengi hawajaijaribu kikamilifu: kununua tairi la nyuma lililotengenezwa kwa pikipiki nzito za safari, lenye mpira mgumu katikati na laini mabegani, na kulipima presha likiwa baridi kila kabla ya safari. Kwenye GL1800 presha ya nyuma ya kiwandani ni psi 41, yaani takriban bar 2.8, na tairi linalotembea chini yake huliwa haraka. Wengi wanaolalamika kwamba tairi la pikipiki haliishi hawajui presha waliyonayo leo.

Wapo pia wanaojikuta kwenye mjadala huu bila kuchagua, kwa sababu wamenunua pikipiki iliyotumika na kuikuta imeshafungwa tairi la gari. Huyo aangalie ubavuni: kukosekana kwa herufi M/C, pamoja na herufi P mwanzoni mwa ukubwa au namba kubwa ya uwezo, ni dalili ya kutosha. Asome tarakimu nne za mwisho wa alama ya DOT, yaani namba ya utambulisho iliyochapwa ubavuni, ambazo mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa kuwa tairi linalodumu sana linaweza kuwa zee kabla ya kuisha kashata. Apitishe mkono kati ya tairi na mkono unaoshikilia gurudumu, atafute rangi iliyokwaruzwa au mpira uliong'aa kwa kusuguana. Akiamua kurudi kwenye tairi la pikipiki, fundi akague kingo za rimu zikiwa tupu, zote mbili, kwa kidole na kwa mwanga. Tairi jipya litahitaji kilomita 150 hivi za upole kabla uso wake haujashika ipasavyo, na katika kilomita hizo awe mwangalifu na mikono yake mwenyewe: mtu aliyezoea kulisukuma tairi bapa kuingia kwenye kona atakuta pikipiki inalala haraka kuliko alivyokusudia.